Mkono Alioufuta Da Saumu

Siku Da Saumu alipoufuta mkono niliouchora mimi naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku yangu ya kwanza ya sekondari. Nakumbuka kitambaa alichotumia, kipande cha kanga ya njano chenye madoa ya hina. Nakumbuka mdomo wangu ulivyobaki wazi, nikawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni akasahau hata kupiga kelele.

Najua utacheka kusikia nakuita mwanangu. Wewe una miaka saba, mimi kumi na minane, na juzi tu tuligombania ukoko wa wali. Lakini mtoto wa kaka ni mtoto, Ilhamu, na shangazi ni shangazi hata kama bado anasubiri majibu ya kidato cha nne. Kwa hiyo nivumilie nijifanye mzee kidogo. Naandika kwa sababu unanijua: kusema mbele za watu siwezi. Wageni wakija, mimi najifanya nimelala.

Jana ulimletea baba yako picha ya mbuzi mwenye mabawa. Kaka akaishika, akaigeuza juu chini, akasema, "Mbuzi huyu au kuku? Hebu futa hayo manyoya." Watu wote barazani wakacheka. Na wewe ukacheka. Kisha nikakuona unaikunja ile karatasi, unaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, ukaenda kuichomeka chini ya mkeka. Nilitaka kusema neno pale pale. Ulimi ukagoma. Sasa ngoja nikusimulie, utasoma ukiweza kusoma mwandiko wangu.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, tunakaa kwa Bibi hapa hapa Kiegeani. Da Saumu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyekuwa akiwapaka hina maharusi, kama anavyowapaka hadi leo. Akiitwa Kilindoni anakwenda, akiitwa Miburani anakwenda. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nachekecha unga wa hina, nakoroga, naifunga kwenye nailoni na kutoboa ncha, namshika bi harusi mguu asitikisike. Niliipenda kazi ile kwa kuwa haina maneno mengi.

Maana chumba cha hina kina adabu yake. Hina ikiwa mbichi, yeyote anayejua kazi akiona ua limekwenda kombo hasemi kitu. Anachukua ncha ya kitambaa, anafuta pale palipoharibika, mchoraji anarudia. Hakuna anayenuna. Bibi alikuwa akifuta maua ya Da Saumu huku anasimulia habari za mbuzi wa jirani waliokula muhogo wake, na Da Saumu anachora upya bila hata kuinua uso. Lakini hina ikishakauka, midomo inafungwa. Hata jani likiwa limepotea njia limefika kwenye kiwiko, utasema mashaallah, utamwombea bi harusi heri, basi. Kasoro isiyofutika ukiitaja unampa mtu huzuni ya kutembea nayo wiki nzima.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu ambayo hakuna aliyeijua. Shule ilikuwa imetupeleka Kua, kule kisiwa cha Juani, kuangalia magofu ya mji wa kale. Wenzangu walikimbizana na kupigana picha kwa simu ya mwalimu. Mimi nikabaki mbele ya dirisha moja la nyumba isiyo na paa, nikawaza: na kama watu wake hawakuondoka? Kama wapo, ila sisi ndio hatuwaoni? Tangu hapo nikawa nawachora. Watu wa Kua yangu hawana vyombo vya baharini. Wanapanda potwe, yale mapapa makubwa ya upole yenye madoa, isipokuwa potwe wao wanaruka angani, na madoa yao yanawaka kama taa. Wanawaongoza kwa kamba nyembamba, na kwa kuwa kamba zenyewe ni nyingi, nikawapa vidole sita kila mkono. Nilijiona nina akili sana kwa hilo.

Basi nesi wa wodi ya watoto ya hospitali alikuwa amemwambia mwalimu wetu kwamba kuta za wodi ni tupu, watoto wanalala wakitazama chokaa tu, na mwenye picha nzuri ailete Jumatatu. Sikumwambia mtu. Nikachukua kipande cha plaiwudi na masalio ya rangi ya mafuta aliyoitumia babu yako kupaka mashua: buluu, nyeupe, nyekundu, na kijani kidogo kilichogandia chini ya kopo. Nikauchora mji wote. Pale juu potwe, chini nyumba, watoto juu ya kuta, na dirishani mwanamke mwenye gauni jekundu amenyoosha mkono kuidaka kamba. Ubao nikauficha uvunguni. Kwanza kwa aibu. Pili, Bibi hapendi picha zenye nyuso mahali anaposalia.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, baada ya alasiri, tulikuwa tunampaka hina binti wa jirani. Ukumbini alikuwepo bi harusi, Bibi, Da Saumu, mimi, na Mwanahawa wa nyumba ya pili, ambaye mdomo wake haupitishi siku bila kumchokoza mtu.

"Huyu kimya huyu ana mambo yake," Mwanahawa akasema, ananiangalia mimi. "Nimemwona uwani na makopo ya rangi. Vidole buluu kama amekamua pweza."

"Kumbe fundi mwenzangu?" Da Saumu akasema. "Lete tuone."

"Hakuna kitu, Da Saumu."

"Kazi yangu mimi unaiona kila siku, mpaka ninapokosea. Yako nisiione?"

Nikaenda kuuleta ubao, rangi bado mbichi maana ile ya mashua haikauki upesi, siku zenyewe zilikuwa za mvua. Nikausimamisha ukutani, nikakaa mbali nao kama vile si wangu.

"Mashaallah," akasema Da Saumu. "Huyu potwe amenona."

"Anapita juu ya mapaa?" Mwanahawa akauliza. "Akitaka kujisaidia je?"

Hata bi harusi alicheka, ikabidi nimkaze mguu. Nami nikacheka. Mwanangu, kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Nilikuwa nimeonyesha, na sikufa.

Kisha nikaona Da Saumu ameacha kucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu na ubao.

"Huyu mwanamke wa dirishani," akasema polepole, "mkono wake umekuwaje?"

Nikaangalia chini. Maneno nilikuwa nayo: mji, kamba, taa, vidole. Yote yalikuwepo. Nikasema, "Basi tu."

"Basi tu vipi? Umekosea, au umemkusudia mtu?"

Swali lile sikulielewa, na badala ya kuuliza nikasema neno langu la siku zote. "Sijui."

"Hujui," akasema.

Akachukua kile kitambaa cha njano pajani, akafuta.

Nyekundu ya gauni ikaingia kwenye buluu ya anga, mkono ukapotea, dirisha likapotea nusu, pakabaki doa la rangi kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Nikawa nautazama ubao, naitazama kanga, nautazama tena ubao. Kilichonishtua si kufutwa. Kufutwa nilikuwa nimekuona mwaka mzima. Ni kwamba hakufuta kama tunavyofuta hina, kwa ncha ya kitambaa na ua moja tu. Alifuta kwa kiganja kizima, kama mtu anayefuta tusi ukutani.

Halafu akarudi kwenye mguu wa bi harusi. Mstari wa hina ukaenda pembeni, na Bibi akaufuta bila neno.

Nilipoupeleka ubao uwani, Bibi akanifuata.

"Unalia?"

"Hapana, Bibi."

"Ungelia ningekuelewa zaidi. Wewe unanuna kwa ndani tu, mtu hajui amlaumu nani." Akakaa kwenye kinu kilicholala. "Mkono wa Da Saumu wa kushoto umewahi kuuona?"

"Kila siku nauona."

"Pembeni ya kidole kidogo pana nini?"

Nikafikiri. "Pana kovu dogo."

"Palikuwa na kidole. Amezaliwa nacho, mkono huu na huu. Cha kulia mkunga alikifunga uzi, kikakatika angali mchanga. Cha kushoto kilikuwa kinene, akakaa nacho mpaka darasa la pili, ndipo alipopelekwa hospitali. Watoto walimwita Kaa. Akipita wanatembea ubavu. Alikuwa akienda madrasa mkono ameufunga leso, anasema ameungua. Kilipokatwa nikakataza nyumba nzima kulitaja jambo hilo, na nyinyi mliozaliwa nyuma hamkuambiwa."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mkono ule ulinilisha nikiwa mdogo. Ulinisuka nywele. Nilikuwa naushikia nailoni ya hina kila Jumamosi, na sikuwahi kuuona. Tena kuna kitu kilichonitia ganzi zaidi. Da Saumu kila anapomaliza mkono wa bi harusi anaweka ua dogo pembeni ya kidole cha mwisho, mahali ambapo wapakaji wengine hawaweki kitu. Watu wanamtambua kwa ua hilo. Mimi nilidhani ni urembo wake tu.

"Sikumchora yeye, Bibi. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Lakini amekuuliza, na mimi nimesikia. Amekuuliza tena kama umemkusudia mtu. Ukamjibu basi tu, ukamjibu sijui. Ulitaka afikiri nini? Mtu akiulizia kazi yako, hata akiuliza vibaya, mjibu. Kazi haitajisemea." Akainuka, akapangusa mchanga. "Na yeye yake nitampa. Kufuta kitu kabla hujajua ni kitu gani, mimi sikumfundisha."

Usiku huo sikuupata usingizi vizuri, nikawa najifundisha maneno. Asubuhi Da Saumu alikuwa uwani anasugua masufuria ya harusi kwa mchanga. Nikachuchumaa upande wa pili wa sufuria lile lile, nikaanza kusugua. Maneno niliyojifundisha yote yakanikimbia, nikasema yaliyobaki.

"Shikamoo, Da Saumu. Sikukuchora wewe."

"Marahaba." Akaendelea kusugua. "Nani kakwambia?"

"Bibi."

"Bibi naye." Akasugua weee. "Ameniamsha alfajiri kunisema. Nikaambiwa na umri huu nafuta picha za watoto."

"Watu wa mji ule wana vidole sita wote," nikasema, haraka haraka kabla ujasiri haujaisha. "Kwa ajili ya kamba. Wanaongoza potwe. Si kilema kule, ndivyo walivyo. Jana nilitaka kukwambia."

Akaacha sufuria. "Wote?"

"Wote."

"Ulete ubao."

Nikauleta. Akanawa mikono kwanza, akajipangusa, akauweka magotini. Safari hii hakuugusa. Akaelekeza kwa mbali, kwa kidole.

"Huyu mtoto ukutani. Hesabu."

Nikahesabu. Vitano. Yule mwenzake, vitano. Mzee wa mlangoni, vitano, tena mkono mmoja nilikuwa nimeufanya kama kijiko. Nikahisi uso wangu unawaka moto. Miezi yote ile nawawaza watu wa vidole sita, na kumbe sita nilikuwa nimempa mmoja tu, kwa kuwa yeye ndiye niliyemchora karibu. Wengine mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa mazoea.

"Umeona?" Da Saumu akasema, wala hakuwa mkali. "Mji mzima ukiwa na sita, mimi nikiangalia nitasema, hawa ndivyo walivyo, na nitatamani kuwajua. Ukimpa mmoja peke yake, umemtoa mbele za watu achekwe. Ndicho nilichokiona mimi jana."

"Nitawaongezea wote."

"Ngoja sasa. Na kidole chenyewe hakikai hivi." Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya ubao, kando ya lile doa. Nilikuwa sijawahi kuutazama namna ile, kwa ruhusa. "Wewe ulikuwa umevisogeza vitano vikabanana ili cha sita kipate nafasi. Hakisogezi mtu. Kinaota hapa pembeni, kinainama kidogo kwa mwenzake. Changu hakikuwa na nguvu ya kushika kitu. Hao wako wakivuta potwe kwa hicho, watadondoka wote."

"Kilikuwa kinafanya nini?"

Akafikiri. "Nilikuwa nakikunia sikio."

Tulicheka mpaka Bibi akachungulia dirishani. Nikamwuliza, je, kama hakivuti kamba ila ndicho kinachowasha taa? Mtu anamgusa potwe doa kwa kile kidole, doa linawaka. Da Saumu akauinua ubao usawa wa macho.

"Hapo sawa," akasema. "Hapo kinatakiwa. Huyo wa dirishani basi asidake kamba, aguse. Mlete potwe chini kidogo." Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "Jana nilikuharibia. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza mpaka unijibu."

Nikasema, "Mimi nilipaswa kujibu."

Tulishinda uwani siku nzima, mimi napaka rangi. Yeye hakushika brashi hata mara moja, ingawa niliona mkono unamwasha. Alikaa tu mkono ameuweka pale ili niuige. Lile doa la rangi sikulifuta lote. Nililiacha liwe vumbi la magofu mbele ya dirisha, na mwanamke anatokeza ndani yake. Jumatatu ubao ulikwenda wodini bado unanata, tumeubeba mimi na yeye, huku na huku, kama sinia la biriani. Nesi akautundika chini, usawa wa kitanda, ili watoto wauone wakiwa wamelala. Ukienda utaukuta. Mikono ya watu wa mji ule imefifia kidogo kwa kuguswa.

Sasa sikia, mwanangu, maana hadithi yote nimeiandika kwa ajili ya hapa. Utakuwa mchoraji, naliona hilo, na watu wataleta kazi zao kwako kama Da Saumu alivyotaka yangu. Ukiletewa picha ya kitu ambacho hakipo duniani, usikimbilie kusema hakiko hivyo. Uliza kwanza huko kwao kikoje. Akikujibu basi tu, ujue anaogopa, uliza tena kwa upole, kaa naye. Mwambie kile kilichokupendeza, na ukitaje kwa jina, potwe au dirisha, asidhani unamfariji. Ukiona kasoro, sema ikiwa mbichi, sema iko wapi na kwa nini inakusumbua, halafu mwachie brashi mwenyewe. Kama imeshakauka na imeshatundikwa, mwombee heri. Na kitu kikikuchoma moyo kabla hujajua sababu, weka kitambaa chini kwanza. Huenda kidonda ni chako wewe, si cha picha.

Na siku ukiwa wewe ndiye unayeonyesha, sema. Hili naliandika huku mkono wangu mwenyewe unasitasita, kwa kuwa bado linanishinda. Lakini sema hata kwa maneno mabovu. Mimi maneno yangu mabovu juu ya sufuria yalinirudishia dada yangu.

Karatasi yako nimeichomoa chini ya mkeka nikainyoosha chini ya msahafu wa Bibi usiku kucha, Mungu anisamehe, hapakuwa na kitu kingine kizito. Mbuzi wako ana uso mzuri wa kiburi, ule uso kabisa wa mbuzi wa jirani. Mabawa siyaoni yanapoungana na mwili, ila labda wewe unajua. Nakuja kukuamsha sasa hivi. Barazani wamekaa wale wale wa jana, baba yako yumo, na mimi nitakuuliza mbele yao wote, kwa sauti, mbuzi huyu akichoka kuruka anatua wapi.

Mola akuzidishie macho ya kuona kisichokuwepo, na ulimi wa kukieleza, na akukutanishe na watu watakaouliza. Mikono yako ibaki na rangi mpaka uzeeni.